Maswali ya Wasomaji: Mashine ya mbao ya nyumbani au ya kazi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo lilelile, mashine za umeme za kazi za mbao, ninunue hizi za bei ya chini za kufanyia kazi ndogondogo nyumbani au nijikamue nichukue zile za viwandani. Nimechagua nne kwa sababu hali za walioandika hazifanani kabisa na majibu yake hayawezi kufanana. Anayekwambia kuna jibu moja kwa watu wote, huyo anakuuzia kitu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi kijana wa Kihonda, Morogoro, nimesoma useremala VETA halafu nikakaa kwa fundi mmoja miaka kadhaa, sasa nafungua kijiwe changu. Natengeneza vitanda, milango na fremu, mbao zangu ni mninga na mkongo, na msindano kwa wateja wa hela ndogo. Nina milioni mbili na nusu tu. Muuza duka mmoja Kariakoo ananiambia kwa hela hiyo napata seti nzima, drili, grainda, jigso ya kukata mikunjo, randa ya umeme, sanda ya kulainishia mbao na rauta ya kuchonga kingo, na chenji inabaki. Fundi wangu wa zamani anasema nisithubutu, ninunue mashine moja ya maana nikae nayo. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kutoka na kusimama mwenyewe. Wote wawili wamekwambia nusu. Muuzaji anahesabu idadi ya mashine, fundi wako anahesabu ubora, mimi nataka uhesabu saa. Yani chukua kila mashine peke yake ujiulize hii mota kwa siku itakaa kwenye mzigo muda gani, sio kuwaka tu, kwenye mzigo, bledi ikiwa ndani ya mbao. Drili ya kutobolea matundu ya skrubu za bawaba inafanya kazi dakika chache kutwa nzima. Randa ya umeme kwenye milango ya mkongo inaweza kulia toka asubuhi mpaka adhuhuri. Hizo mbili huwezi kuzinunua kwa kipimo kimoja hata zikitoka kampuni moja.

Sababu iko ndani ya mashine. Mashine nyingi za mkono za waya zina mota ya aina moja, ile ya kaboni (vijiti viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), inazunguka kwa kasi kubwa sana, ni ndogo, nyepesi, ina makelele, na inapozwa na kafeni kadogo kalikofungwa kwenye ekseli yake yenyewe. Sasa ukiikandamiza kwenye mbao ngumu mzunguko unashuka, feni nayo inashuka, na wakati huohuo umeme inaouvuta unapanda, kwahiyo joto linaongezeka palepale upepo unapopungua. Hapo ndo ya nyumbani na ya kazi zinapoachana. Ya kazi imepewa koili zinazostahimili joto, beringi za gololi, na gia za chuma zilizokaa kwenye kasha la aluminiamu linalotoa joto nje. Ya nyumbani mara nyingi utakuta bushi, pete tupu isiyo na gololi, mahali pa beringi na gia zimeshikwa na plastiki, plastiki ikipata moto inalegea, gia zinaacha kukaa sawa na zinaanza kulana meno. Ukishasikia ile harufu ya vanishi ujue koili imeanza kuungua, hata kama mashine itaendelea kuzunguka wiki mbili tatu mbele.

Ukifika dukani usisome boksi, itoe mashine uigeuze. Tafuta vifuniko viwili vidogo vya duara, kimoja kila upande wa mota, vina mfereji wa bisibisi bapa. Hivyo ni vifuniko vya kaboni. Ukiviona maana yake aliyeitengeneza alijua kaboni zitaisha na wewe utazibadilisha, unafungua na bisibisi, unachomoa ya zamani, unaweka mpya, dakika tano umerudi kazini. Kwenye nyingi za bei ya chini hakuna hivyo vifuniko, kaboni zimefichwa ndani, lazima ufumue kasha zima, na ukishafumua unakuta kaboni yenyewe saizi yake haipo mjini. Zipo mashine nzuri tu ambazo nazo zimezificha, kwahiyo usiishie hapo, mwambie muuzaji hivi: nionyeshe kaboni za mashine hii, nionyeshe swichi yake, nionyeshe amecha yake (ile sehemu ya mota inayozunguka). Kama anakwambia "hizo haziharibiki bosi", mrudishie mashine yake kwa adabu uende duka la pili. Mashine ambayo spea zake hazipo Morogoro wala Kariakoo haikufai kwa kazi, hata iwe na jina la kampuni kubwa ya Ujerumani au Japani.

Na usitishike na wati. Wati zilizoandikwa mbele ya mashine ni umeme inaoula, sio nguvu inayofika kwenye bledi, pikipiki inayokunywa sana mafuta sio lazima ndo yenye nguvu. Sehemu ya zile wati inaishia kuwa joto na makelele, na mota mbaya inapoteza zaidi. Utakuta randa imeandikwa wati 1,000 inashindwa na nyingine ya wati 800. Hivohivo neno "Industrial" likiandikwa kubwa kwenye boksi, hakuna kipimo kilicho nyuma ya neno hilo, kampuni inajiandikia yenyewe.

Lakini usije ukadhani tofauti yote ni maneno ya wauzaji. Makampuni makubwa yenyewe yanatenganisha bidhaa zao. Bosch wa kijani ni wa nyumbani, Bosch wa bluu ni wa mafundi, jina moja ila sio mashine moja, na watu wanauziwa ya kijani kila siku wakidhani wamepata "Bosch". Makita nao wana daraja la bei nafuu, zamani liliitwa Maktec, sasa hivi MT. Na kisa cha Black & Decker kinanifundisha mpaka leo: hii kampuni ya Baltimore, Marekani, ilianza 1910, na ndo waliopata hataza ya drili ya kushika kama bastola mwaka 1917, yani hii drili tunayoijua wote. Kufika miaka ya 1980 jina lao lilishakaa kwenye pasi na vyombo vya jikoni mpaka mafundi ujenzi wa Marekani wakawa hawataki kuonekana nalo site. Wakafanya nini? Walikuwa wanaimiliki DeWalt toka 1960, mwaka 1992 wakaliinua upya jina hilo, wakalipaka njano, wakasema hii ni ya fundi, na mafundi wakarudi. Kwahiyo rangi ina maana yake, ila mwenye rangi ndo anaipa maana. Wewe angalia kaboni, beringi, kasha la gia na spea.

Haya, hela yako. Mimi ningekuwa na milioni mbili na nusu Kihonda na kazi yenyewe milango na vitanda, ningeweka hela nzito kwenye mashine mbili tu, msumeno wa mkono wa bledi ya duara na randa ya umeme, zote za daraja la fundi, kwa sababu hizo ndo zitakaa kwenye mkongo masaa. Sanda nayo usiichukulie poa, haibebi mzigo mkubwa ila inakula vumbi siku nzima na vumbi ndo muuaji wa beringi, chukua ya kati yenye kimfuko cha vumbi kinachoshika vizuri. Drili, chukua ya kawaida tu. Jigso kama unachonga kichwa cha kitanda mara moja moja chukua ya bei rahisi bila kuona aibu. Rauta iache kwanza, mteja akija na kazi inayoihitaji mara tatu mfululizo hapo nunua.

Na thiknesa, ile mashine ya kusawazisha unene wa ubao, usiiwaze kabisa mwaka huu. Mbao peleka mashineni karandishe, unalipa kwa ubao unarudi nazo ziko sawa, mota kubwa ya mwenzio ifanye kazi nzito na bili ya umeme ibaki kwake. Watu wengi wanaona ni aibu kupeleka mbao kwa mwingine, mi naona aibu ni kukopa hela ya mashine inayolala.

Kuna kitu muuzaji hajakutajia na fundi wako pia, bledi. Msumeno wa bei ya kati wenye bledi nzuri unaushinda msumeno wa gharama wenye bledi butu, tena bledi butu ndo inayoua mota kwa sababu unasukuma kwa nguvu. Nunua bledi mbili za meno ya kabaidi (ngumu kuliko chuma cha kawaida), moja ya meno machache, 24 hivi, ya kupasulia kwa urefu, na nyingine ya meno 40 mpaka 60 ya kukata mkato. Ukipata kazi ya mtiki kumbuka ule ubao una chembechembe za silika ndani yake, unakula makali ya chuma cha kawaida haraka sana, na mvule wakati mwingine una jiwe kabisa ndani, jino likigonga hapo linaondoka. Halafu waya. Watu wananunua mashine nzuri wanaichomeka kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, mita 20, volti zinashuka njiani, mota inalalamika, wanasema mashine feki. Tafuta waya wa milimita za mraba 2.5, na kama umezungushwa kwenye gurudumu uufungue wote kabla ya kuwasha, ukiuacha umejizungusha unapata moto mpaka unayeyuka.

Barakoa nunua siku hiyohiyo unayonunua randa. Mninga vumbi lake linawasha na wengine linawabana kifua, na toka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Una miaka mingi ya kazi mbele yako mdogo wangu, nataka uifanye ukiwa na mapafu.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mfanyakazi wa ofisini, naishi Tegeta, Jumamosi na Jumapili natengeneza meza ndogo, rafu za vitabu na midoli ya wanangu. Sio biashara. Marafiki wanasema rahisi ghali, chukua za kiwandani moja kwa moja. Nimeona mashine ndogo ya benchi ya kupasulia mbao, kwenye kibati chake imeandikwa "S1 1500W" na "S6 25% 1800W", hii maana yake nini? Pia jirani ana grainda kaifunga bledi ya mbao, ananiambia hiyo inatosha kila kitu.

JIBU: Nzuri kaka. Naanza na grainda kwa sababu hiyo haiwezi kusubiri. Usiiguse. Na jirani yako mwambie aitoe hiyo bledi leo. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, imetengenezwa kwa ajili ya jiwe la kusagia na kukatia chuma, jiwe linasugua, halina meno ya kung'ata. Ukiweka bledi yenye meno ikabanwa kwenye mbao haina pa kwenda, grainda nzima inaruka nyuma kuelekea kwako, na kwa kuwa bledi ya mbao mara nyingi haikai ndani ya kifuniko chake watu wanakitoa kile kifuniko, na nyingi swichi yake ukishaisukuma inajishika na kubaki imewaka hata ikikutoka mkononi. Inaingia kwenye paja, tumbo, shingo. Nimeona vidole na nimeona mikono iliyopotea kwa njia hii, kwa mafundi wazoefu kabisa, na kila mmoja alisema alikuwa anakata kipande kimoja tu cha haraka. Hakuna grainda ya kiwandani wala ya nyumbani inayofaa kwa hilo.

Sasa mashine za wikiendi. Wewe za nyumbani zinakutosha, nakwambia bila wasiwasi wowote. Hao marafiki wanasema rahisi ghali kwa mtu anayefanya kazi kutwa, wewe mota yako inapata mzigo labda saa moja kwa wiki, mashine ya bei nafuu inayochoka baada ya masaa mia mbili itakufikisha mbali sana. Sanda, jigso, drili, hata rauta ndogo, nunua zile za Bosch wa kijani na jamaa zake, tofauti ya hela nunua mbao nzuri na kampa, kampa hazitoshi kamwe.

Hicho kibati ulichokisoma ni kitu kizuri na ni wachache wanaokisoma. S1 maana yake mota inaweza kubeba mzigo huo mfululizo bila kupumzika, kwahiyo kwa uhalisia mashine yako ni ya wati 1,500. S6 25% maana yake inaweza kubeba wati 1,800 ila kwa robo tu ya muda, kwenye dakika kumi inabeba mzigo dakika mbili na nusu, zilizobaki inazunguka tupu ijipooze. Hata kwa mashine ya kiwandani, namba ya kuangalia ni ya S1. Ukiona namba ya S6 imeandikwa kwa maandishi makubwa na S1 imefichwa chini au haipo, ujue ile namba kubwa ni ya mapambo. Kwa kazi yako hiyo inafaa, pasua, zima, pima, pasua tena.

Ila mashine ya benchi ndo mahali pekee ambapo nakuomba usibane sana, na sababu sio mota. Kwanza fensi, ile ya kuegeshea ubao, ifunge halafu isukume kwa mkono upande wa nyuma, ikicheza hata kidogo ubao utabanwa kati ya fensi na bledi na utarushwa kukujia. Pili nyuma ya bledi kuwe na kile kisu kinachosimama ndani ya mpasuo, kinachopanda na kushuka pamoja na bledi, kazi yake kuzuia mbao isijifunge ikabana bledi. Kama hakipo usinunue. Kama kipo usikitoe. Na watoto wasiingie hapo wakati umechomeka, hata kama midoli ni yao.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mimi ni fundi wa kike, nafanya kazi za wodrobu na kabati za jikoni kwa nyumba za watu huku Nyali na Bamburi, Mombasa. Stima inapotea sana tukiwa kazini kwa hivyo nafikiria mashine za betri. Binamu yangu yuko Uingereza, amesema kule kuna mashine za mafundi used, nzuri, bei chini, anaweza kuniletea kwa mzigo. Mwingine yuko Marekani naye anataka kunitumia. Nichukue?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Kazi ya kwenda kufunga kwa mteja inahitaji mashine za fundi kuliko hata ya kijiweni, kwa sababu ikikufia mikononi uko nyumbani kwa mtu, kabati limefungwa nusu, mwenye nyumba anakuangalia. Kwahiyo daraja la fundi ndio, na betri kwa hali yako ni uamuzi mzuri. Ila mzigo wa binamu una mitego yake, tuiangalie mmoja mmoja.

Wa Uingereza. Umeme wa majumbani kule ni kama wa Kenya, plagi ya pini tatu ni ileile, utafikiri kila kitu kitaingia. Shida ni kwamba mafundi ujenzi wa kule wanatumia mashine za volti 110 kwa usalama wa site, zina plagi ya njano ya duara, na zinachomekwa kwenye transfoma ya njano nzito kama jiwe. Hizo ndo zinazouzwa used kwa wingi na bei ndo maana iko chini. Mtu akikukatia ile plagi ya njano akakufungia ya pini tatu ukachomeka Mombasa kwenye 240, mota inalia mlio wa juu sana sekunde kadhaa halafu moshi. Mwambie binamu kabla ya kulipa asome kibati, atafute 230 au 240, na kama ni 110 basi transfoma ije nayo kwenye mzigo huohuo, na wewe ujue utakuwa unaibeba ngazi kwa ngazi kila kazi. Mi ningekataa.

Wa Marekani. Kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, mashine za waya usichukue. Mashine za betri zenyewe haziulizi umeme wa nchi gani, kinachouliza ni chaja. Angalia chaja, ikisema 120V peke yake ununue chaja nyingine huku. Na usichanganyikiwe ukiona DeWalt ya Marekani imeandikwa 20V na ya Ulaya imeandikwa 18V ukadhani ya Marekani ina nguvu zaidi. Ndani zote mbili zina seli tano, seli moja ikiwa imejaa inafika kama volti 4, mara tano ishirini, ikishaanza kazi inakaa kwenye 3.6, mara tano kumi na nane. Nguvu ni ileile.

Kuhusu kusafirisha, betri za ziada haziendi kwenye begi linaloingia chini ya ndege, zinapanda na abiria juu. Zidisha volti na ampea-saa zilizoandikwa: betri ya 18V na 5Ah inakupa wati-saa 90, iko chini ya kikomo cha 100, hiyo kwa kawaida haina shida. Ya 6Ah inakupa 108, hapo lazima shirika la ndege likubali kwanza, na za ziada zisizidi mbili. Mwambie binamu mapema asije akanyang'anywa uwanjani. Na betri used mimi simshauri mtu, mwili wa mashine used sawa, betri inunue mpya, kwa sababu kwa nje huwezi kujua imechajiwa mara ngapi na imelala ikiwa tupu miezi mingapi.

Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye betri ni kwamba unanunua familia. Betri ya kampuni moja haiingii kwa nyingine, ukianza na moja ndo umeolewa hapo, drili, impakti ya kukazia skrubu, jigso, msumeno, zote zifuate. Kwahiyo kabla hujaanza zunguka Mombasa uone ni familia ipi betri zake na chaja zake zinauzwa na zinatengenezwa hapo kwako, sio Nairobi, hapo. Chagua mota isiyo na kaboni ukiweza, inatumia chaji kidogo zaidi kwa kazi ileile na inadumu. Anza na drili na impakti na betri mbili, moja ikifanya kazi nyingine iwe kwenye chaja. Kwa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) na bodi zinatosha kabisa. Msumeno wa betri wa kukata shiti nzima unamaliza chaji haraka, shiti zako zikate kabla kwa wenye mashine kubwa mjini, wewe uende kwa mteja na vipande tayari vimekatwa na kubandikwa ukingo, ufunge tu. Ukiwa na stima shukuru, ikipotea unaendelea kukaza skrubu.

SWALI: Fundi, niko Moshi, nina karakana ya watu wanne. Kuna chuo cha ufundi kimefunga karakana yake ya zamani wanauza plena (ya kunyoosha uso wa ubao) na thiknesa ya Ulaya, ya zamani sana, chuma kitupu, umeme wa fezi tatu. Mimi nina fezi moja. Kwa hela hiyohiyo naweza kutengenezewa mashine mpya na mafundi wa kuchomelea wa hapa mjini, au kuagiza ya kichina ndogo ya mezani. Ipi?

JIBU: Hapa jibu linaegemea upande mmoja, ila nenda nalo ukiwa umeshika tochi.

Ya kichina ndogo ya mezani ina mota ya kaboni ileile niliyomweleza kijana wa Kihonda, kwa watu wanne wanaoranda kila siku itakufa. Itoe kwenye hesabu. Ya kuchomelewa ni mashine ya kweli, karakana nyingi Tanzania zinaishi nayo, mota yake ni ile ya kawaida isiyo na kaboni, inazunguka taratibu, karibu mara 1,400 au 2,800 kwa dakika kutegemea aina, haina makelele, ikiungua fundi wa kusuka mota anaisuka. Tatizo lake ni meza. Vyuma vya kuchomelea vinavutwa na moto wa weldi, vinapinda kidogo, meza mbili zikikosa kuwa sambamba ubao unatoka na tumbo na unatafuta kosa kwenye mikono yako. Na nyingi zinakuja zimeacha mkanda wazi na kisu wazi. Ukiamua hiyo, lipa fundi aweke vifuniko, ni mabati tu.

Ya chuo, kama ni nzima, chukua. Meza ya chuma cha kumimina ikishatulia haipindi, uzito wake unameza mtetemo, beringi zake ni za saizi za kawaida utazipata kwenye maduka ya spea za magari na mashine. Miaka yake isikutishe. Kinachotisha ni nyufa, kwahiyo futa grisi na vumbi kwenye miguu, kwenye shingo zinazoshika kichwa cha visu na kwenye kona za meza, mulika tochi kwa ubavu, nyufa zinaonekana kama nywele nyeusi. Chuma cha kumimina kikipasuka kukiunga ni kazi ya mtu mmoja kwenye mia. Toa mkanda, zungusha kichwa cha visu kwa mkono, kisikie, kikikwaruza ni beringi, sio tatizo, kikicheza juu chini kwenye kikao chake hilo ni tatizo. Angalia kama bado ina kabari za kubania visu zote na zimekaa sawa, kisu kikichomoka kwa kasi ile hakichagui mtu. Kama kichwa ni cha mraba kile cha zamani kabisa, usitumie, weka cha duara.

Fezi. Soma kibati cha mota. Kikisema 230/400 na alama ya pembetatu kwenye 230 na nyota kwenye 400, una bahati, unaweza kuweka kifaa cha kubadilisha umeme kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu za volti 230, mota ukaifunga kwa pembetatu na ikafanya kazi, tena inaanza taratibu bila kushtua nyumba nzima. Kikisema 400/690 hicho kifaa cha kawaida hakitakusaidia, hapo chagua kuomba fezi tatu TANESCO au kubadilisha mota, uweke ya fezi moja ya nguvu za farasi tatu hivi, na pulei uikokotoe upya ili kichwa kisizunguke zaidi ya kilivyotengenezwa. Karakana ya watu wanne mimi ningeomba fezi tatu, na ningeanza kuulizia gharama ya nguzo na waya kabla sijalipa mashine.

Siku ya kuichukua nenda na watu wa kutosha na mabomba ya kuizungushia. Fungeni kamba kwenye mwili wa chini, msinyanyue kwa meza hata kidogo, na kwenye gari isimame kwa miguu yake, isilazwe.